Dalali wa Ukoo Mmoja

Watu wa Tunduma wakisema ng'ambo hawamaanishi Ulaya. Wanamaanisha Nakonde, pale baada ya geti la mpaka, ambako kuku wa Tanzania huenda kuchakura asubuhi na kurudi jioni bila kuulizwa hati. Lakini ni nchi nyingine hata hivyo, ina rais wake, hela yake na polisi wake, na mtu akihamia huko amehamia nchi za nje, utake usitake, hata kama akisimama kizingitini kwake anaiona kanga aliyoisahau kwenye kamba ya nyumba ya zamani.

Yudita Namfukwe alihamia nchi za nje mwaka ule ambao simu za mkononi zilianza kuwa za kila mtu. Alikuwa mjane wa makamo, muuza mchele, mwenye sauti ya kumwita mteja kutoka upande wa pili wa barabara kuu akageuka. Hakuhamia kwa sababu ya njaa wala vita. Alihamia kwa sababu ya ndugu.

Kosa la kwanza lilikuwa la marehemu mumewe, Osea, Mungu amrehemu. Osea alikuwa mtu wa reli, na kabla ya kufa alimjengea mkewe nyumba ya bati mtaa wa Sogea, vyumba vinne, saruji mpaka uani. Hakufikiri vizuri. Katika ukoo mzima wa Yudita, kuanzia Msangano alikozaliwa, hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba pekee iliyo karibu na mpaka, karibu na stesheni na karibu na barabara ya kwenda hospitali. Mgonjwa wa macho alifikia kwa Yudita. Aliyefuata sukari ya ng'ambo alilala kwa Yudita. Kijana aliyegombana na baba yake alikuja kutafuta maisha kwa Yudita, na maisha yakichelewa kupatikana aliyangojea hapo hapo, akila.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Yudita jembe lilikuwepo, shamba ndilo halikuwepo. Na kwao Msangano, kumuuliza mgeni ataondoka lini ni sawa na kumtolea mzigo wake nje. Mgeni huja na debe lake la ulezi, hulikabidhi kwa mikono miwili, na tangu hapo huhesabika kuwa amelipa. Yudita alikuwa na ulezi wa kutosha kufungua kilabu cha pombe, ila hakuwa na kitanda. Kitanda alichomwachia Osea kilikuwa kikilaliwa na mama yake mkubwa, Ferista, bibi mwenye mgongo mbovu na ulimi mzima. Mwenye nyumba alilala stoo, juu ya magunia ya mchele, na akaamka kila siku na chapa za gunia shavuni.

Alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: mlango ambao akiufunga kwa ndani, kitanda kilichomo ni chake peke yake. Hakutaka gari, hakutaka mume wa pili. Kuna wakati aliwaza mlango huo hata kanisani, na mchungaji akimwona amefumba macho alidhani anaombea mvua.

Basi akili ikamjia. Ndugu zake walikuwa watu wa kuogopa ofisi. Mama Ferista alikuwa akimwona mtu yeyote mwenye kofia ya serikali, hata bwana mifugo, anabadili njia. Vijana walivuka mpaka kufuata sukari, ndiyo, lakini walivuka na kurudi. Kulala nchi ya watu bila hati, hilo hakuna aliyethubutu. Yudita akipata nyumba ng'ambo, serikali mbili nzima zitasimama kati yake na ukoo wake. Akawatangazia kwamba wateja wa mchele wamehamia Nakonde na yeye hana budi kuwafuata. Nyumba ya Sogea akamwachia Manase, mtoto wa kaka yake, aitunze pamoja na wote waliomo.

Sasa ikabaki kupata dalali. Na madalali wa ng'ambo walikuwa na sifa zao. Ilisimuliwa habari ya mmoja aliyekodisha nyumba moja kwa familia tatu, zikakutana mlangoni siku moja na magodoro kichwani, kila moja ikiiambia nyingine "karibuni". Mwingine alimpangisha muuza mitumba nyumba nzuri ya matofali, kumbe mwenyewe alikuwa kanisani tu na alirudi baada ya ibada. Yudita hakuwa mjinga. Aliamua kuchagua dalali kwa uangalifu mkubwa, na hapo ndipo balaa lake lilipoanzia, maana mzembe angepona.

Jirani yake sokoni alikuwa Shani, Msukuma wa Ivuna aliyekuwa akiuza chumvi. Shani alimpa ushauri bila kuombwa, kama kawaida ya jirani.

"Yudita, dalali wa kumwamini ni yule unayeweza kumshtaki. Ukiona huna pa kumshtaki, mkimbie."

"Mimi nitatafuta ndugu," Yudita akajibu. "Ndugu hashtakiwi, kwa sababu haibi."

Shani alikuwa na kaka wengi. Alimtazama, akaendelea kupima chumvi.

Na wewe unayesikiliza, kama umeona kasoro katika mpango wa mtu anayekimbia ndugu kwa kutumia ndugu, basi hukuzaliwa Msangano. Kwa Yudita haikuwa kasoro hata kidogo. Ndugu walikuwa wabaya kwa kitanda, lakini kwa uaminifu nani mwingine angemwamini? Wanamwanga, watu wa kabila lake, wako pande zote mbili za mpaka; mpaka uliwakuta, ukapita katikati ya mashamba yao bila kuwaomba radhi. Ukoo wa Yudita ulikuwepo Nakonde kama ulivyokuwepo Msangano. Mwanamume wa ukoo huo huitwa Simfukwe, mwanamke Namfukwe. Hiyo Si na hiyo Na zinatenganisha suruali na gauni tu, damu ni moja. Ukikutana na Simfukwe usiyemjua, umekutana na kaka ambaye hamjaonana.

Lakini siku ya kwanza alipovuka alimpata asiyemtaka. Karibu na stendi ya Nakonde alikaa dalali aitwaye Lusungu, Mtumbuka wa kutoka mbali, mwembamba, mwenye meza, kitabu cha stakabadhi na fungu la funguo zilizofungwa kamba za rangi.

"Mwapoleni, mayo," akamsalimu kwa Kibemba cha sokoni, yaani hujambo, mama. Kisha kwa Kiswahili, "Nyumba ya watu wangapi?"

"Ya kwangu mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mimi."

"Basi chukua chumba kimoja."

Yudita alichukia. Mwanamke aliyejengewa vyumba vinne na mume wa reli aambiwe chumba kimoja, tena na mtu aliyevaa ndala! Lakini Lusungu alikuwa ameshainuka na ufunguo. Akampeleka ng'ambo ya reli, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, kwenye safu ya vyumba vilivyopakwa chokaa zamani. Akakifungua kimoja, na badala ya kusifia, akaanza kusema.

"Mashine hii inaanza kupiga kelele asubuhi mpaka jioni. Unga utaingia hata kwenye chai yako. Mlango huu mvua ikinyesha unavimba, mpaka uupige teke. Maji utachota kwa jirani. Mwenye nyumba ana maneno mengi. Paa ni zima."

"Mbona unaitukana nyumba yako?"

"Nakwambia ubaya wake leo, mayo, ili kesho usije ukaniita mwongo. Na mtu mmoja akipanga nyumba kubwa, vile vyumba vingine havikai tupu. Nimeiona sana hiyo."

Yudita alimtazama kwa mashaka makubwa. Yeye alikuwa muuza mchele. Mchele wake aliusifu hata ukiwa na mawe. Mawe hasa ndiyo yaliyohitaji sifa. Mfanyabiashara anayesema vibaya bidhaa yake ana jambo kubwa zaidi analolificha, hilo hata mtoto analijua. Akaamua kumpima kwa kipimo chake.

"Ukoo wenu ni wa wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi? Babu yako amezikwa wapi?"

"Mama," Lusungu akasema kwa upole, "mimi nakodisha vyumba. Sikuja kuposa."

Ikawa basi. Mtu asiyetaja kaburi la babu yake hawezi kupewa kodi ya mtu. Yudita akamuaga, akajipongeza moyoni kwamba ameponea chupuchupu.

Siku ya pili alimpata Josephat Simfukwe.

Alielekezwa kwake na muuza vitumbua. Josephat alikuwa mnene, mpole, mwenye koti la kahawia na macho ya mtu aliyezoea kuhuzunika pamoja na wafiwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya duka, na Yudita alipotaja jina lake kamili, yule bwana alivua kofia, akashuka kwenye benchi lake, akachuchumaa mavumbini na kupiga makofi taratibu, kama anavyosalimiwa mtu wa heshima. Watu wakageuka kutazama. Yudita hakuwa amepigiwa makofi tangu alipofiwa na mumewe.

"Dada yangu," Josephat akasema. "Umekaa wapi siku zote hizi?"

Yudita alimpima hata hivyo, maana hakuwa mjinga. Alimuuliza makaburi, Josephat akayataja. Alimuuliza nani alimwoa nani baada ya njaa kubwa, Josephat akamjibu na kumsahihisha. Alimuuliza kwa nini watu wa tumbo lile hawakukaa tena kijiji kile, Josephat akainamisha kichwa na kusema mambo hayo hayasemwi barabarani, na hilo ndilo hasa lililokuwa jibu sahihi. Wakaongea Kinamwanga, lugha ya kwao, mpaka jua likageuka. Habari ya nyumba ilitajwa mwishoni, kama mtu anayekumbuka mwavuli.

Na nyumba ilikuwa nyumba kweli. Vyumba vitatu vya kulala, sebule, baraza yenye nguzo, bomba ndani ya ua, antena juu ya bati. Mwenyewe alikuwa akifanya kazi Kitwe na alimwachia Josephat kila kitu. Yudita alipouliza ubaya wake, Josephat alifikiri sana, akasema pengine ni kubwa mno kwa dada kukaa peke yake, lakini hilo Mungu hulirekebisha.

"Na udalali wako?" Yudita akauliza akishika pindo la kanga alipofunga hela.

Josephat alishtuka kama aliyepigwa kofi. "Dada yangu nimtoze udalali? Nikifa nitamwambia nini baba?"

Hakuchukua hata ya soda. Mkataba hakuuandika pia, kwa sababu ndugu hawaandikiani. Yudita alirudi sokoni amepandisha mabega, na kila mnunuzi wa mchele alipata habari hiyo juu ya kipimo.

"Bure?" Shani akauliza.

"Bure kabisa."

"Mh," akasema Shani, na kwa Shani hiyo ilikuwa hotuba.

Najua unangoja wizi. Unangoja mwenye nyumba atokee Kitwe na panga, au Josephat atoroke na kodi. Pole. Hakuna kilichoibiwa. Kodi ilimfikia mwenyewe senti kwa senti, bomba lilitoa maji, bati halikuvuja, na tangu mipaka iwekwe haijapata kuonekana nyumba iliyopangishwa kwa uaminifu mkubwa namna ile. Yudita alilala usiku wa kwanza kwenye kitanda kipya cha mninga, mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo chini ya mto. Aliamka shavu lake likiwa halina chapa yoyote. Alijitazama kwenye kioo na kuona kwamba bado ni mwanamke mzuri.

Jumapili Josephat alikuja na kuku, na mkewe Erica, na watoto wake wote. Ilikuwa ni haki. Mtoto lazima amjue shangazi yake. Yudita alifurahi, alipika wali mweupe usio na jiwe. Watoto walikimbia kwenye vyumba vyote wakifungua na kufunga milango. Wakati wa kuondoka, binti mkubwa hakuondoka.

"Shule yake iko karibu na hapa," Erica akaeleza akifunga kanga. "Na wifi, utakaaje peke yako kama mchawi?"

Binti mmoja si neno. Baada ya mavuno akaja mama yake Josephat, ambaye kwa hesabu ya ukoo alikuwa sasa mama yake Yudita, kutibiwa macho. Akaja na debe la ulezi. Yudita alilitambua debe lile kizingitini, lakini alilipokea kwa mikono miwili, maana mikono ilikuwa imezoea.

Josephat hakuwa mtu wa nusu nusu. Kaka aliyempokea dada ugenini anapaswa kwenda kwao kutoa taarifa, ndivyo ilivyo desturi, na yeye aliifuata. Alipanda gari mpaka Msangano kwa nauli yake mwenyewe, akachuchumaa mbele ya wazee, akapiga makofi, akasema dada yao yuko salama mikononi mwake. Wazee wakamwaga machozi. Kisha wakamuuliza anakaaje huko. Na hapo, msamehe, Josephat alikuwa dalali. Ulimi wake ulikuwa na kazi yake. Aliwaeleza vyumba vitatu. Aliwaeleza baraza na nguzo zake. Aliwaeleza bomba lililomo uani, kwamba unafungua tu, na aliigiza kwa mkono jinsi linavyofunguliwa.

"Na kuvuka?" Mama Ferista, ambaye alikuwa amerudi Msangano kwa ajili ya mavuno, akauliza. "Wale wenye kofia?"

"Mama, wale ni watoto wetu. Mkifika getini, niiteni."

Nao wakamwita. Josephat aliwapokea getini kundi kwa kundi, akawasalimia walinzi kwa Kinamwanga, akabeba mizigo ya wazee mgongoni mwake mwenyewe akitokwa jasho ndani ya koti lile. Kazi ya dalali ni kuleta watu kwenye nyumba, na hakuna aliyeifanya kwa moyo kama yeye. Wa mwisho kuja alikuwa Manase, aliyeachiwa nyumba ya Sogea. Alifika na begi, funguo zikining'inia kidoleni.

"Shangazi," akasema, "kule kumepooza. Watu wote wako huku."

Jioni moja Yudita alitoka kwenye biashara, miguu imevimba, akaingia chumbani kwake. Juu ya kitanda cha mninga alikuwa amelala Mama Ferista, chali, mgongo wake mbovu umenyooka vizuri.

"Godoro hili zuri kuliko la Osea," Mama Ferista akamwambia. "Wewe una magunia yako, mwanangu, umeyazoea."

Stoo ilikuwepo. Josephat alikuwa ameionyesha siku ile ya kwanza kama sifa ya nyumba. Yudita alilala humo juu ya mchele, nchi za nje, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alipata usingizi mara moja.

Asubuhi alikwenda kwenye benchi la Josephat. Alikuwa amekusudia kufoka, alikuwa ameyapanga maneno njia nzima.

"Kaka, hii nyumba sivyo tulivyokubaliana."

Josephat alivua kofia. "Maji yamekatika?"

"Hayajakatika."

"Bati linavuja?"

"Halivuji."

"Mwenye nyumba amekusumbua? Nimekula hela yako?"

"Hujala."

"Basi, dada, nimekukosea wapi? Nieleze nitubu."

Yudita alitafuta uongo wake hata mmoja wa kumshika nao, akakosa. "Umewaleta watu," akasema mwishowe.

"Watu gani?"

"Ndugu zangu!"

Josephat alimtazama kwa macho yale ya msibani. "Ndugu haletwi, dada. Ndugu anafika." Alisema hivyo bila hila yoyote, na Yudita alielewa, kwa hasira kubwa, kwamba bwana huyu ni mtu mwema na hana dawa.

Usiku ule kwenye magunia akapata njia. Kama udugu uliingia kwa sababu hakulipa, basi alipe. Akilipa atakuwa mpangaji na yule atakuwa dalali, na dalali unaweza kumwambia aondoe watu. Akatenga udalali wote, wa haki, akaongeza juu yake, akaufunga kwenye kitambaa safi, akaupeleka na kuuweka kwenye benchi mbele ya Josephat.

"Ni haki yako. Pokea."

Josephat hakukigusa kitambaa. Kisha mtu mzima yule, mbele ya muuza vitumbua na wateja wake, akalia. Alilia akiuliza ni wapi alipokosea hata dada yake wa damu aje kumfukuza kwenye ukoo kwa hela, kama mbwa anayerushiwa mfupa ili asifuate.

Yudita alitamani ardhi ipasuke. Aliona haya ya kweli, haya iliyomchoma masikio, kwa sababu kilio kile kilikuwa cha kweli pia.

Kikao kilikaa Jumamosi, sebuleni kwake. Wazee walitoka Msangano. Walisikiliza pande zote mbili, wakatikisa vichwa, na Mama Ferista alisema kwamba tangu azaliwe hajasikia mtu kumlipa kaka yake. Yudita alionekana ana hatia. Alitozwa mbuzi wa kumwosha Josephat machozi. Mbuzi alinunuliwa na Yudita, akapikwa na Yudita, akaliwa kwa Yudita, na baada ya kula Josephat alisimama akasema amemsamehe dada yake kabisa, na kwamba hatamwacha kamwe. Watu wakapiga vigelegele. Wazee walilala, kwa sababu kulikuwa kumekuchwa.

Jumatatu Yudita alikaa kwenye kibanda chake Tunduma bila kumwita mteja yeyote. Shani akasogeza kigoda.

"Yudita, nyumba yako ya Sogea si iko tupu? Rudi basi. Uwaache na bomba lao."

"Haiko tupu," Yudita akasema. "Inanisubiri niwashe moto. Wakiuona moshi tu, kesho yake Manase yuko mlangoni na begi, ananiambia ng'ambo kumepooza."

Shani alifikiri. "Yule mwingine je? Yule aliyeitukana nyumba yake?"

Mchana Yudita alifunga kibanda mapema, akavuka geti, akapita njia ya nyuma ili asionekane na benchi, akaenda mpaka kwenye meza ya stendi. Lusungu alimtambua. Hakucheka, na kwa hilo Yudita alimshukuru maisha yake yote.

"Kile chumba," akasema. "Cha mashine."

"Kipo. Hakuna anayekitaka. Lakini, mayo, tangu siku ile dirisha nalo limevunjika kioo."

"Josephat Simfukwe anakijua?"

"Anakijua. Hapeleki watu kule, anasema ni aibu kumlaza binadamu."

"Nakichukua."

Alitoa kodi, akatoa udalali. Aliutoa kwa furaha ya ajabu, kama mtu anayetapika kitu kilichomkaa vibaya, na Lusungu aliupokea bila kuchuchumaa, akauweka kwenye droo, akafungua kitabu chake.

"Jina?"

"Yudita."

"Yudita nani?"

Yudita alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale, limemkaa ulimini tangu azaliwe, jina lililomwinua mtu mnene kwenye benchi na kumchuchumaza mavumbini. Akaufunga mdomo.

"Yudita, basi," akasema.

Lusungu aliandika hivyo hivyo.

Nyumbani aliwaaga kwamba anakwenda kufuata mchele Kyela na huenda akachelewa. Walimwombea safari njema. Mama Ferista alimwomba asisahau kuacha ya umeme. Nyumba ile aliendelea kuilipia, kwa sababu mtu hawezi kuwatoa ndugu zake nje, na alijua hivyo tangu mwanzo. Akabeba godoro jipya jembamba, sufuria moja na kikombe kimoja, akapita ng'ambo ya reli.

Mbele ya safu ya vyumba, bibi mmoja alikuwa ameketi barazani akichambua maharage. Alipomwona mpangaji mpya alisogeza ungo kando, akapiga makofi taratibu, akamkaribisha kwa Kinamwanga. Akamuuliza yeye ni wa ukoo gani, na kwao ni wapi, na safari ilikuwaje. Sauti ya bibi ilikuwa kama sauti ya marehemu mama yake, lafudhi ile ile ya Msangano. Magoti ya Yudita yalianza kukunjika yenyewe.

Akayanyoosha.

"Samahani, bibi," akasema kwa Kiswahili. "Sielewi. Mimi ni mgeni hapa."

Bibi alimtazama kwa huruma. Akamgeukia mwanamke wa mashine ya kusaga, na kwa lugha ile ile akamwambia: maskini, mwanamke mzima namna hii na hana hata wa kwao mmoja.

Yudita alilisikia neno baada ya neno. Lilimuuma, lilimuuma sana, mpaka akasimama kidogo na godoro kichwani kama aliyesahau anakokwenda. Kisha akaingia chumbani. Mlango ulikuwa umevimba kama alivyoambiwa, ikabidi aupige teke ndipo ufunge. Akazungusha ufunguo. Akatandika godoro chini, unga wa mahindi ukimwangukia nyweleni kupitia dirisha bovu, akaketi juu yake na kulia mpaka alipotosheka. Alipomaliza kulia alijinyoosha katikati ya godoro, mikono huku na huku, akalala.